Taa Nne, Springi Sita na Mkonga: Kwa Nini Pickup Iliyoongezewa Vitu Huanza Kusumbua

Kaa nusu saa pembeni ya mnada wowote mkoani Singida uhesabu pickup zinazoingia. Utagundua kwamba iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ni adimu. Hilux ina taa nne juu ya ngao, Land Cruiser ina mkonga, springi za nyuma zimeongezwa mabapa, juu kuna kerieri, na ndani kuna redio kubwa, GPS ya tajiri na chaja tatu za simu. Ile ya matangazo ina spika mbili juu ya paa na inveta chini ya kiti.

Hakuna ubaya. Kiwanda hutengeneza gari kwa ajili ya mteja wa Bangkok, wa Sydney na wa Kiomboi kwa pamoja, kwa hiyo lazima kuwe na kitu ambacho mtu wa Kiomboi atataka kukibadilisha. Shida ni kwamba kila unachoongeza kinakula kitu fulani ambacho kiwanda kilikuwa kimekipigia hesabu: mkondo wa umeme, hewa, au uwezo wa breki. Usipokipigia hesabu na wewe, miezi michache baadaye unaambiwa "umeme wa gari umechanganyikiwa" au "gari lina pepo". Gari halina pepo. Lina ukinzani mahali usipoutarajia.

Taa zinazowaka lakini hazimuliki

Tuanze na taa, kwa sababu ndizo zinazoongezwa zaidi na ndizo zinazochoma magari.

Chukua mfano wa kawaida. Mtu ananunua taa mbili za halojeni za wati 100 kila moja, anataka kuona ng'ombe mapema akirudi usiku kutoka Itigi. Fundi anachukua waya kutoka kwenye betri, anaupitisha ndani kwenye dashibodi, anaweka swichi, kisha anaurudisha nje hadi kwenye taa. Jumla kama mita 6. Waya ni ule mwembamba wa milimita moja ya mraba, kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Hasi ya taa inafungwa kwenye bodi. Taa zinawaka, hela inalipwa, watu wanaagana.

Sasa tupige hesabu. Wati 200 gawanya kwa volti 12 ni karibu ampea 17. Shaba ina ukinzani wa takriban ohmu 0.017 kwa kila mita moja ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Mita 6 ni ohmu 0.1. Inaonekana namba ndogo sana, si ndiyo? Lakini taa zenyewe, zote mbili kwa pamoja, zina ukinzani wa ohmu 0.72 tu zikiwaka. Kwa hiyo waya huo si njia tu ya kupitishia umeme. Umegeuka kuwa taa ya tatu, isiyotoa mwanga. Volti 12 zinagawanywa: karibu volti 1.5 zinabaki kwenye waya, na taa zinapata 10.5.

Unaweza kusema kupoteza volti 1.5 kati ya 12 ni jambo dogo, kama asilimia 12. Kwa balbu ya halojeni si dogo. Mwanga wake haushuki sawasawa na volti. Unashuka kwa takriban kipeo cha 3.4 cha volti, kwa sababu uzi wa balbu ukipoa kidogo mionzi yake mingi inahamia kwenye joto lisiloonekana. Ukifanya hesabu hiyo, taa zako zinatoa kama asilimia 63 ya mwanga uliolipia. Zaidi ya theluthi moja imebaki kwenye waya. Imebaki kama joto: wati 21 hivi, karibu sawa na pasi ndogo ya fundi redio, zikitawanyika ndani ya waya unaopita nyuma ya dashibodi ya plastiki.

Na hapo tumechukulia kwamba waya ni shaba kweli. Kuna waya mwingi mitaani ambao ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Ukinzani wa alumini unazidi wa shaba kwa karibu asilimia 60. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe dukani.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani na ni rahisi: rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme. Ndani yake kuna koili ndogo inayokula sehemu ndogo tu ya ampea moja. Ikipata umeme inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, na kipande hicho kinaunganisha njia kubwa. Maana yake ni kwamba swichi ya kwenye dashibodi haibebi tena ampea 17, inabeba zile kidogo za koili. Mkondo mkubwa unatoka kwenye betri, unapita kwenye rilei iliyofungwa pale pale chini ya boneti, unaingia kwenye taa. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba wenye urefu wa mita 2.5, volti zinazopotea zinashuka kutoka 1.5 hadi chini ya 0.2. Taa ni zile zile, ila zitakushangaza.

Namba zilizoandikwa chini ya rilei zinawachanganya wengi, lakini zinafuata mpangilio mmoja wa Kijerumani unaotumika karibu dunia nzima. 30 ni inayotoka kwenye betri. 87 ni inayokwenda kwenye taa. 85 na 86 ni ncha mbili za koili: moja inakwenda kwenye swichi, nyingine kwenye bodi. Basi. Ukiona na 87a, hiyo ni njia inayokuwa wazi rilei ikiwa imezimwa. Kwa taa za kawaida iache.

Fyuzi hailindi taa

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hili ndilo linaloamua kama gari litaungua au halitaungua.

Watu wengi wanadhani fyuzi ipo kulinda kifaa. Fyuzi ipo kulinda waya. Betri ya pickup, tofauti na adapta ya simu, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Ndiyo kazi yake, inazungusha stata. Sasa fikiria ule waya mwembamba umesuguliwa na kona ya bodi kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi mpaka ganda limetoboka, shaba imegusa chuma. Mita 3 za waya huo zina ohmu 0.05 hivi. Volti 12 gawanya kwa 0.05, weka na ukinzani wa betri yenyewe, unapata karibu ampea 200. Joto linalozalishwa ni kama kilowati 2, nguvu ya jiko la umeme, ndani ya waya mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Ganda la plastiki linawaka ndani ya sekunde chache. Ukiwa na bahati uko kwenye usukani na unanusa. Usipokuwa na bahati gari limeegeshwa na kuna mtoto amelala ndani.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sentimita 20 au chini yake, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Ukubwa wake uwe juu kidogo ya mkondo wa kifaa lakini chini ya uwezo wa waya. Kwa zile taa mbili, gari likiwa linawaka na volti zimefika 14, mkondo ni kama ampea 18, kwa hiyo fyuzi ya 25 na waya wa milimita 4 vinaendana. Kwa fyuzi za bapa, rangi zinasaidia: 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani.

Na ile tabia ya kuweka karatasi ya sigara ya kung'aa au kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika? Fyuzi iliyokatika ni taarifa. Ukiziba njia hiyo, umeme utatafuta fyuzi nyingine, na fyuzi inayofuata ni waya wako.

Kipimo kimoja kinachomaliza ubishi

Ukienda kwa fundi ukasema "taa hazina nguvu", mara nyingi utauziwa balbu mpya au altaneta. Kabla ya hapo tafuta maltimita. Ya bei ndogo inatosha. Washa taa, weka kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse chanya ya betri, nyeusi iguse chanya ya taa. Ndiyo, zote mbili upande wa chanya. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Zikiwa chini ya 0.5, upande huo ni mzima. Kisha hamia upande wa pili: kutoka hasi ya taa hadi hasi ya betri. Hapo isizidi 0.3 hivi.

Upande wa pili ndio wenye majibu mengi kwa huku kwetu. Waya wa hasi umefungwa kwenye bodi juu ya rangi, au juu ya kutu, au nati imelegea kwa mtikisiko na vumbi limejaa katikati. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo juu. Dakika kumi. Dalili ya hasi mbovu ni zile zinazomfanya mtu aseme gari lina pepo: unawasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa; unakanyaga breki, redio inazima. Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani, unapita kwenye nyumba za majirani.

Kuhusu taa za LED, faida yake ni ya kweli: kwa mwanga ule ule zinakula mkondo mdogo sana. Lakini usiamini maandishi ya kwenye boksi. Taa iliyoandikwa wati 300 ipime: ampea zidisha kwa volti. Ikila ampea 6 kwenye volti 13.5 hiyo ni wati 81, yaliyobaki ni ya mwandishi wa boksi. Na ukiona redio inakoroma kila ukiwasha LED, saketi ndogo inayodhibiti mkondo ndani ya taa inawasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde na kurusha mawimbi. Jaribu kuhamisha waya wa taa mbali na waya wa antena kabla ya kumlaumu fundi redio.

Betri inayokufa Jumatatu

Tatizo jingine maarufu: gari limeegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu halistati. Betri inabadilishwa, mwezi unaofuata yale yale.

Kila gari linakula kidogo hata likiwa limezimwa: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ukiongeza kifaa cha GPS, kengele ya wizi, na chaja iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia funguo, unaweza kufika nusu ampea bila kujua. Betri ya ampea-saa 70 ikipoteza nusu ampea kila saa, ndani ya saa 70 nusu yake imekwenda. Hizo ni siku tatu. Ijumaa mpaka Jumatatu, hesabu imetimia yenyewe.

Namna ya kumkamata mwizi: zima kila kitu, funga milango, toa hasi ya betri, weka maltimita katikati ya betri na waya huo, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Subiri dakika 20 au 30 kompyuta zilale. Kisha chomoa fyuzi moja moja. Fyuzi ambayo ukiichomoa namba inaanguka, ndiyo inayoongoza kwa mwizi. Usijaribu kustati gari maltimita ikiwa hapo, utaichoma. Na kama hujafika huko, pima tu betri iliyopumzika: volti 12.6 imejaa, 12.2 ipo nusu, chini ya 12 usishangae.

Wenye magari ya matangazo wana kesi yao. Inveta inayotoa wati 1,000 inavuta karibu ampea 100 kutoka kwenye betri, kwa sababu yenyewe hupoteza kama asilimia 15 njiani. Altaneta nyingi za pickup zimeandikwa ampea 70 mpaka 130, na hizo ni kwa mzunguko mkubwa wa injini. Gari likiwa limesimama linanguruma taratibu, pengine unapata nusu. Kwa hiyo matangazo ya saa mbili gari likiwa limeegeshwa yanalipwa na betri, si na altaneta. Na tundu la kuwashia sigara, lenye fyuzi ya ampea 10 au 15, haliwezi kubeba zaidi ya wati 180. Inveta kubwa haichomekwi hapo hata siku moja.

Mkonga, vumbi na mawe ya Singida

Mkonga haraka haraka. Hauongezi nguvu ya injini. Mji wa Singida upo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 14. Bomba la plastiki pembeni ya kioo halibadilishi hilo. Turbo ndiyo inayobadilisha.

Faida yake kwa huku ni vumbi, zaidi ya maji. Vumbi zito linakaa chini, usawa wa matairi, na hewa ya usawa wa paa ni safi zaidi, hasa ukifuatana na lori. Yale mawe makubwa yanayopendeza kuzunguka mji ni granaiti, na granaiti ikimomonyoka inaacha mchanga wa kwatzi. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo punje ikipita inakwangua silinda kama msasa. Ila mkonga si filta. Kinacholinda injini ni filta na muunganiko wa bomba kati ya filta na injini. Ukikuta vumbi ndani ya bomba upande wa injini, kuna mahali panavuja baada ya filta, na hapo hata mikonga mitatu haisaidii. Pia ukipuliza filta kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, kisha iangalie kwenye jua: ukiona nukta za mwanga, imetoboka.

Springi ndizo zinazonitia hofu

Nimeziacha mwisho kwa makusudi. Taa mbovu inakuudhi. Springi zilizoongezwa bila hesabu zinaweza kukuua, na dalili yake ni kwamba gari linaonekana zuri zaidi.

Msimu wa vitunguu au alizeti, mtu anataka gari lisikae chini. Anaongeza mabapa. Ugumu wa springi unakwenda na idadi ya mabapa: ukitoka manne hadi sita ya aina ile ile, umeongezeka mara 1.5. Unakwenda pia na unene, lakini kwa kipeo cha tatu: bapa la milimita 10 badala ya 8 ni gumu karibu mara mbili. Ndiyo maana bapa moja nene la lori linabadilisha gari kabisa. Sasa gari halikai chini, na kwa macho ya wengi hiyo ni ruhusa ya kuongeza magunia. Ekseli, beringi, chesisi na breki hazijaongezwa hata chembe.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hilux nyingi za umri wa kati, na pickup za aina hiyo zisizo na ABS, zina vali chini ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, yenye mkono wa chuma ulioungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kugawa presha ya breki. Gari likiwa tupu, nyuma kuna uzito mdogo, na breki kali za nyuma zingefunga matairi na kulirusha gari pembeni. Kwa hiyo vali inapunguza presha ya nyuma. Gari likipakiwa, bodi inashuka, mkono unasukumwa, vali inafungua na breki za nyuma zinapata presha kamili. Yaani vali haijui uzito. Inajua umbali kati ya bodi na ekseli.

Umeona tatizo? Ukiweka springi ngumu, umebeba tani na nusu lakini bodi haijashuka. Vali inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu, na za mbele zinabeba mzigo wote.

Peleka gari hilo Sekenke, kwenye mteremko wa kushuka kuelekea Shelui. Gari la tani 3 likishuka mita 100 kwa wima, linatoa nishati ya megajuli 2.9. Hiyo inatosha kuchemsha lita 9 za maji kutoka nyuzi 20 mpaka yatokote. Yote hiyo, kama hukushusha gia, inaingia kwenye breki, na kwa gari letu inaingia zaidi kwenye disiki mbili za mbele. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205. Yakikaa muda mrefu hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango kinaweza kushuka mpaka kama 140. Yakichemka ndani ya bomba yanazalisha mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi. Kimiminika kinasukuma pistoni. Mvuke unajibana tu wenyewe. Unakanyaga, pedeli inakwenda mpaka chini, na hakuna kitu.

Kwa hiyo kama springi zimeshaongezwa, ingia chini ya gari ukiwa na tochi. Tafuta ule mkono. Angalia kama upo, maana unaweza kukuta umekatwa au umefungwa kwa waya. Kama upo, pima kimo cha bodi gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida. Kama tofauti ni ndogo sana, kama sentimita 2 tu, vali haipati taarifa. Mkono huo una boliti za kurekebishia, na kuna vishikio virefu vya kuurudisha kwenye pembe yake baada ya gari kunyanyuliwa. Kazi hiyo apewe fundi breki mwenye geji ya presha ya mbele na nyuma, siyo fundi springi. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili, na kabla ya kushuka Sekenke na mzigo ingiza gia ya pili ukiwa bado juu, si katikati ya mteremko. Ukifika Shelui simama, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, mbele kisha nyuma. Mbele kukiwa kunaunguza na nyuma kupoa kabisa, ujue vali yako bado inaamini hukubeba kitu.